Salamu Haikuwa na Mpokezi

Mliniomba ukurasa mmoja. Mlisema, Mama Zuhura, utuachie maelezo mafupi ya jinsi mfumo unavyotuma na kupokea ujumbe, na hasa tufanyeje tukitaka kubadilisha maneno ya kile kipande kinachojibu salamu. Haya, nawaandikia. Lakini nimestaafu, muda ninao, na hakuna tena wa kunikata kauli kwenye kikao, kwa hiyo mtanivumilia. Anayetaka kuruka mpaka mwisho aruke. Ofisi yetu imezoea kutaka jambo bila salamu.

Nilianza kazi kwenye kachumba ka redio ya upepo, nyuma ya ghala la dawa, hapo hapo mjini Bukoba mlipo. Nyie mnakajua kama stoo ya viti vibovu. Mle ndani kulikuwa na meza, redio ya rangi ya kijeshi, maiki ya kubonyeza, betri ya lori iliyokaa sakafuni juu ya gunia, na waya wa antena uliopita dirishani kwenda kwenye mparachichi. Kazi yangu ilikuwa kupokea na kutuma habari za zahanati zetu zote, za Bukoba vijijini na za Muleba: nani kaishiwa dawa, nani friji ya chanjo imezima, nani anataka gari la wagonjwa. Nilikuwa binti wa mjini, mtoto wa Kiislamu. Babu yangu alikuja huku na biashara ya vitambaa kutoka pwani, akaoa Mhaya, hakurudi tena. Kihaya changu kilikuwa cha kununulia ndizi sokoni. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, na aliyeviona ni mzee mmoja tu.

Mzee huyo alikuwa Ishengoma, ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa ametoka posta, mkimya, mkali, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua likiwaka. Alinikalisha, akanikabidhi maiki, akasema, "Ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia. Wengi hawajui kuachia." Kisha akaenda zake kunywa chai. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya wiki ya kwanza. Nyie mliletewa mkufunzi kutoka Dar es Salaam na vitafunwa.

Wiki ya pili alinigombeza. Zahanati moja iliita, ikasalimia, nami kwa kujifanya hodari nikakatiza, nikasema, "Taja shida." Mzee Ishengoma akanipokonya maiki, akaitikia salamu yote, akauliza za huko, akauliza mvua, ndipo akasema sasa sema. Walipomaliza akanieleza, na alieleza mara moja tu kwa sababu hakuwa mtu wa kurudia. Salamu, alisema, ndiyo inayopima njia. Anayekuita hajui kama betri yako ina nguvu, hajui kama kitini kuna mtu au koti. Akisalimia ukaitika, amejua kuna mtu. Na wewe ukisikia anavyosalimia umejua ana shida ya namna gani kabla hajaitaja. Usiporudisha salamu atafunga redio na kwenda kutafuta msaada mwingine, na atakuwa na haki.

Hilo la mwisho halikuwa maoni yake. Ndiyo ilikuwa kanuni, imebandikwa ukutani katika kila zahanati: ukiita usipojibiwa, usikae, tafuta njia nyingine. Betri zilikuwa zinakufa kila mara. Haikufaa mtu akae anaongea na hewa wakati mgonjwa anamwaga damu.

Katika watu wote waliokuwa wakiniita hewani, bingwa wa salamu alikuwa nesi wa Buganguzi, kule Muleba. Jina lake Kokushubira, sote tulimwita Ma Koku. Yeye mwenyewe mzaliwa wa Kaagya, ila maisha yake ya kazi aliyamalizia Buganguzi, kwenye zahanati ya vyumba viwili katikati ya migomba. Loo, mama yule! Ataanza na Mwasibota waitu, salamu ya Kihaya, atauliza nyumbani, atauliza mama yangu miguu inamsumbuaje, atauliza kama senene wameshaanguka mjini, na mimi huku nina zahanati nyingine tatu zinasubiri. Mwanzoni alinichosha kweli. Nilikuwa nazungusha macho, Mzee Ishengoma ananitazama.

Halafu nikamzoea, na nikagundua kitu. Ma Koku alisalimia kirefu pale tu mambo yalipokuwa shwari. Upungufu wa dawa ulikuja na salamu ndefu. Mguu uliovunjika ulikuja na salamu ya wastani. Salamu yake ikiwa fupi, "Bukoba, za mchana, hapa Buganguzi," nilikuwa sisubiri. Nilinyoosha mkono dirishani na dereva alielewa, akawasha gari huku mimi nikisema, "Nakupata Ma Koku, sema." Akija kutaja mama mjamzito, gari liko getini. Hatukuwahi kupanga hivyo wala kuliandika popote. Wapo watu wazima leo wanatembea Buganguzi waliozaliwa kwa salamu fupi, na wao wenyewe hawajui.

Mzee Ishengoma alistaafu, akafariki, tukamzika kwake. Mimi nikakaa kwenye kile kiti. Simu za mkononi zikaja, redio ikang'olewa, betri ikauzwa kwa muuza vyuma, nikawa napokea simu za zahanati kwenye chumba kile kile. Hapo sina kinyongo, msinifanye bibi wa kulilia redio. Redio ilikuwa taabu. Radi ikipiga upande wa ziwa ulikuwa husikii kitu ila mikwaruzo. Nilipoambiwa kuna mfumo mpya wa ujumbe utakaoendeshwa na kompyuta, na kwamba atakayekubali kusoma atasomeshwa, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nilisoma usiku na mchana, nikiwa na watoto wa umri wa wanangu darasani, na wallahi niliipenda ile kazi ya kuandika programu kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kwa mikono yangu.

Sasa hapa ndipo ule ukurasa wenu unapoanza, sikilizeni vizuri.

Mfumo wetu umejengwa juu ya maktaba ya programu, yaani vipande vilivyokwisha kuandikwa na watu wengine ili wewe usianze upya. Maktaba yetu kazi yake ni kutuma na kupokea ujumbe, na inakwenda kwa matukio. Programu za kizamani zilikuwa za kuulizauliza: ujumbe umekuja? Bado. Umekuja? Bado. Kama mtoto mwenye njaa anayefunua sufuria. Hii yetu haiulizi. Inakaa kimya mpaka kitu kitokee. Wewe unaiandikishia wapokezi: ujumbe unaoanza na neno DAWA ukiingia, mwamshe huyu, GARI, mwamshe yule, DAMU, mwamshe mwingine, laini ikikatika, mwamshe wa laini. Mpokezi akiamshwa anafanya kazi yake moja, analala. Kutuma nako ni hivyo hivyo. Unauweka ujumbe kwenye foleni, unaendelea na mambo yako, na uthibitisho ukirudi unamwamsha mpokezi wake.

Mambo mawili niliyojifunza kwa kuungua. Msimpe mpokezi kazi nzito, kwa sababu akichelewa, wote walio nyuma yake wanasubiri. Na andikisheni mpokezi wa hitilafu kabla ya mwingine yeyote, hata kama mna hakika hamtakosea. Hasa kama mna hakika.

La tatu limo kwenye maelezo ya maktaba yenyewe, mstari mmoja, ukisoma haraka unaupita. Tukio lisilo na mpokezi halina kelele. Linakuja, halimkuti mtu, linapita. Hakuna taa nyekundu, hakuna onyo, hakuna chochote. Kwa mashine, kama hukuandikisha wa kupokea, basi hakuna kilichotokea. Nilipousoma mstari ule mara ya kwanza nilimwona Ma Koku.

Aliyeongoza ujenzi wa mfumo alikuwa Injinia Audax, mtoto wa Muleba hapo hapo, kasomea mbali. Si mtu mbaya, mnamjua. Kila asubuhi alikuwa akinipa shikamoo, anauliza nyumbani Kitendaguro, anauliza shamba, ndipo anasema la kwake. Kisha anakaa chini na kuandika programu isiyojua salamu. Nilimwambia, mwanangu, manesi wetu wataanza kwa kusalimia, hao ndivyo walivyo na wewe ndivyo ulivyo. Tuandikishe mpokezi wa salamu, na kila ujumbe usioeleweka upelekwe kwa mtu wa ofisini ausome. Akasema lengo la mfumo ni kumtoa mtu katikati, kwa sababu mtu anachelewesha na anakosea. Salamu akaiita kelele. Akasema kelele inachujwa. Nilipeleka hoja kwa Meneja, naye akasema wafadhili wanataka kuona chati safi, na chati iliyojaa za asubuhi na za mchana haitakuwa safi. Kwa hiyo ujumbe wowote usioanza na moja ya yale maneno yetu, DAWA, GARI au DAMU, ukawa unatupwa, na kile chumba changu cha kupokea simu za sauti kikafungwa, ili kila kitu kipite kwenye mfumo.

Manesi waliitwa kwenye ukumbi wa hoteli mjini kufundishwa. Kila mmoja alipewa simu ndogo ya kutuma ujumbe. Audax alieleza vizuri, ana kipaji cha kueleza. Andika GARI, acha nafasi, andika jina la zahanati, tuma, gari linakuja. Ma Koku akanyoosha mkono. Wakati huo kichwa kilikuwa kimeshajaa mvi. Akauliza, "Nikianza na GARI bila salamu, baba, nitajuaje kama kuna mtu?"

"Mama, kuna mfumo."

Ukumbi ukacheka, si kwa ubaya, na yeye akacheka pia. Lakini nilimwona hajaridhika. Alikuwa ameuliza kuhusu mtu.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda, lazima niseme kweli. Dawa zilifika mapema kuliko zamani. Manesi vijana walituma maneno yale bila shida. Ma Koku naye alituma DAWA na DAMU kama alivyofundishwa, kwa sababu hayo unatuma leo, kitu kinakuja kesho, na asipojibiwa atatuma tena. Hakuwa amewahi kuhitaji gari tangu mfumo uanze. Buganguzi ni pakubwa lakini Mungu alikuwa amepapumzisha.

Siku jambo lilipotokea sikuwepo ofisini. Nilikuwa nimetumwa Kaagya kufunga sola ya zahanati, mvua inanyesha mchana kutwa, niko juu ya ngazi nimeshika waya. Kule Buganguzi, mke wa fundi cherehani alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike, halafu damu ikakataa kusimama. Ma Koku alifanya yote ambayo mikono ya nesi inaweza kufanya. Kisha akachukua simu. Na katika ile hofu, kidole chake kilifanya kile ambacho ulimi wake ulifanya maisha yake yote ya kazi. Aliandika: "Bukoba, za mchana, hapa Buganguzi."

Ile fupi.

Akasubiri aitikiwe. Hakuitikiwa. Akaandika tena, "Bukoba, mpo?" Kimya. Alijaribu kupiga kwa simu yake mwenyewe ile namba ya zamani ya chumba changu, ambayo tulikuwa tumeshaikata. Namba ya dereva hakuwa nayo, kwa sababu madereva walipewa laini mpya na tukaambiwa tusizigawe. Kwa hiyo akafuata kanuni iliyokuwa bado imebandikwa ukutani kwake: ukiita usipojibiwa, usikae. Akaamini Bukoba hakuna mtu. Akatoka mvuani kutafuta gari lolote.

Alipata pikapu ya mfanyabiashara wa ndizi. Ndizi zikashushwa kwenye tope, godoro likapandishwa, mama akalazwa, turubai juu yake. Barabara mnaijua ikinyesha. Gari la wagonjwa lilikuwa Muleba mjini, limejaa mafuta, na dereva wetu Salvatory yuko ndani yake anasikiliza mpira, funguo ziko palepale. Alinieleza mwenyewe baadaye, mtu mzima analia. Alisema, Mama Zuhura, mimi nilikuwepo. Kila mtu alikuwepo. Yule mama alifia kwenye kilima cha kuingilia Muleba mjini, ubavuni mwa Ma Koku, chini ya turubai, na kwenye skrini ya ofisi yetu chati ilikuwa ya kijani siku nzima.

Kikao kiliitwa. Mimi niliingia kama mtaalamu wa mfumo, na nilikwenda na zile meseji mbili nimezichapa, kila mjumbe akapata nakala yake. Hapakuwa na siri yoyote, wala msidhani kuna mtu alificha kitu. Zile salamu ziliingia kwetu, saa zake zimo, na programu yetu ikazitupa kama tulivyoiagiza. Wote walisoma. Meneja akavua miwani, akamuuliza Ma Koku kama siku ile alituma ujumbe au hakutuma.

"Niliita," Ma Koku akasema. "Hakuitika mtu."

"Salamu si ujumbe, mama."

Nikasimama. Nikasema salamu ilifika, sisi ndio tuliofunga mlango, na nilikuwa nimetahadharisha. Nikasema kama kuna wa kujibu ni ofisi. Meneja akasema hiyo si ajenda, tunajadili utaratibu uliofundishwa na haukufuatwa. Nikamgeukia Audax, nikitegemea mtoto wa Muleba atasema neno moja. Alikuwa anatazama meza. Meza ile ina nini cha kutazama, mpaka leo sijakijua.

Wakaandika uzembe. Ma Koku aliachishwa kazi akiwa amebakiza kidogo astaafu kwa heshima, apewe khanga na keki na hotuba kama nilivyopewa mimi. Wakamtoa kafara ili mfumo ubaki safi. Na si barua ya kuachishwa iliyomuumiza zaidi. Maneno ya barua yalishuka mpaka Buganguzi, na kijiji alichokizalisha kikaanza kusema nesi alikuwa anasalimiana kwenye simu wakati mtu anakufa. Hivyo tu. Watu ambao aliwapokea kwa mikono yake wakawa wanavuka njia. Alifunga virago akarudi Kaagya kwenye kibanja, shamba la migomba la kaka yake.

Nilikasirika, na nimekasirika bado, na sitaki mtu aniambie yamepita. Niliandika kwa Meneja, nikaandika kwa bodi, nikaomba kitu kimoja: lile neno uzembe liondolewe kwenye jina lake. Kila barua ilirudi na muhuri wa IMEPOKELEWA. Nilicheka peke yangu. Na sisi pia tulikuwa na tukio lisilo na mpokezi.

Kwa hiyo nikafanya nililokuwa na uwezo nalo. Niliandika mpokezi wa salamu. Nilikusanya kila namna ambayo watu wetu wanasalimia, Kiswahili na Kihaya, asubuhi, mchana, jioni, na nikaandika kwamba yoyote kati ya hizo ikiingia, jibu litoke hapo hapo: "Salama. Tunakusikia. Sema shida yako." Audax alisoma programu yangu, akairuhusu, hakuuliza kitu. Ilifanya kazi vizuri tangu siku ya kwanza. Manesi wakafurahi. Walipokuja wageni wa wafadhili, Audax akasimama mbele ya skrini ya ukutani akawaonyesha: akatuma shikamoo, jibu likarudi papo hapo, wageni wakapiga makofi. Aliita ubunifu unaoheshimu utamaduni. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na birika la chai. Sikupiga makofi, nilishika kikombe kwa mikono miwili.

Nakiri niliona fahari hata hivyo. Miaka yote iliyofuata, kila nilipoona salamu imeingia na jibu limetoka, nilijiambia angalau hilo nimemlipia Ma Koku. Nilitaka ajue. Lakini nilikuwa naona haya kwenda kwake mikono mitupu, bila ile barua ya kumsafisha jina, na barua haikuja. Wiki yangu ya mwisho kazini nikasema liwalo na liwe, nikapanda gari la Kaagya.

Nilimkuta kwenye migomba anakata majani makavu. Amepungua mwili, macho yake ni yale yale. Alinisalimia kirefu, Ma Koku mwenyewe kabisa: nyumbani, watoto, Kitendaguro kahawa zimeiva, mama yangu alikufa lini na nani alikuwepo. Akaniketisha kwenye mkeka, akaleta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Tulitafuna. Hakuulizia ofisi hata kidogo. Ndipo nikatoa simu. Nikamwambia, Ma Koku, nimekuja kukuonyesha kitu, na nikampa aandike mwenyewe. Alichukua muda kupata herufi. Aliandika ile ile: "Bukoba, za mchana, hapa Buganguzi."

Jibu likaingia kabla hajashusha simu. Akalisoma, akalisogeza mbali na macho, akalisoma tena. Nilikuwa namtazama usoni kama mtoto aliyeleta matokeo ya mtihani.

"Nani ameitika?"

"Mashine, Ma Koku. Niliiandika mimi mwenyewe."

"Na mtu yuko wapi?"

Nikamweleza hakuna haja ya mtu pale, kwamba nesi akishajibiwa ataandika GARI na dereva atapata. Nikajisikia nazungumza kwa sauti ya Audax. Alinirudishia simu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ambayo hakula.

"Basi bado hakuna mtu," akasema. "Zamani nisipojibiwa nilijua niondoke. Sasa hii itanijibu, nami nitakaa."

Akanyanyuka, akaenda kunikatia mkungu wa ndizi wa kuondoka nao. Mimi nilibaki pale mkekani, kahawa mdomoni imegeuka uchungu mtupu. Mama yule hakunilaumu, wala hakulia. Alikuwa amenionyesha kwamba nilichokijenga kwa jina lake ni hatari kuliko ukimya uliomponza, na kwamba miaka yote ile nilijipongeza bure.

Sasa ukurasa wenu. Mmeuliza namna ya kubadilisha maneno ya jibu la salamu. Hamna cha kubadilisha, nimeshayafuta. Siku nilipotoka Kaagya nilikwenda ofisini kabla sijarudisha funguo, nikamwandikisha mpokezi mwingine. Salamu ikiingia, kutoka zahanati yoyote, mashine haijibu kitu. Inaipeleka kwenye simu yangu, na inaendelea kunikumbusha mpaka nifungue. Namba ya dereva wa Muleba ninayo. Najua nimestaafu, najua hairuhusiwi, na najua mkisoma hapa wa kwanza wenu atakimbilia kwenye kompyuta. Msifute kabla hamjaweka mtu wa kuitika. Nami nitaendelea kuandika kwa bodi kuhusu lile neno kwenye jina la Ma Koku, wapige mihuri watakavyo.

Juzi mchana nilikuwa napalilia, simu ikalia. Ilikuwa ni nesi mpya wa Buganguzi, simjui, sijawahi kumwona. Ameandika "Za mchana," basi, hakuna kingine. Nililitupa jembe, nikampigia pale pale shambani, nikasema, "Nakupata, sema." Yeye akaniuliza kwanza kama mimi ni mtu.